VPN inakawia wapi? Kupima ukawiaji ndani ya handaki la mtandao

Lalamiko ni lile lile, maneno ndiyo hubadilika. "VPN yavuta." "Mtandao umelala." "Simu ya video yakatika kila nikiingia kwenye mfumo wa ofisi." Huletewa na makarani wa maofisi ya uwakala wa forodha, na vijana wa Kisauni na Mtwapa wanaofanyia kazi kampuni za ng'ambo wakiwa majumbani mwao, na walimu wanaosomesha kwa njia ya video. Wengi wao huwa wameshapewa jibu kabla hawajanifikia: ongeza kifurushi. Wakaongeza, wakalipa, na mambo yakabaki pale pale.

Mimi hutunza programu ya VPN inayotumiwa na maofisi madogo kadhaa hapa Mombasa. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiongeza ndani yake sehemu ya kupima ukawiaji wa mawasiliano, ili mtumiaji aone mwenyewe muda wake unapotelea wapi. Makala haya yanaeleza kinachopimwa, namna kinavyopimwa na jinsi ya kuzisoma namba zenyewe. Mwandishi wa programu atapata la kumfaa. Asiye mwandishi ataambulia maswali ya kumuuliza fundi wake kabla hajatoa pesa mfukoni.

Kwanza majina. VPN ni handaki. Programu iliyo kwenye simu au kompyuta yako hufunga kila pakiti ya data kwa siri, huitia ndani ya pakiti nyingine kama bahasha ndani ya bahasha, kisha huipeleka kwa seva ya VPN. Seva hufungua bahasha ya nje na kuituma ya ndani inakokwenda. Programu ya upande wako nitaiita programu ya mteja. Neno teja lingekuwa fupi zaidi, lakini sote twajua huku kwetu linamaanisha nini. Ukawiaji nao ni muda ambao pakiti moja huchukua kwenda hadi mwisho wa safari na jibu lake kurudi. Hupimwa kwa milisekunde, na milisekunde 1,000 ni sekunde moja.

Kivuko na foleni

Kasi na ukawiaji ni vitu viwili, na anayevichanganya atalipa bure. Tazama feri ya Likoni. Idadi ya watu na magari inayoingia kwa mkupuo mmoja ndiyo kasi unayouziwa, zile Mbps za kwenye matangazo. Muda wa kutoka ukingo wa Likoni hadi kukanyaga kisiwani ndio ukawiaji. Leta feri kubwa mara mbili, utavusha watu mara mbili, lakini kivuko hakikupungua hata shubiri. Anayepakua filamu anataka feri kubwa. Anayepiga simu, anayeandika kwenye kompyuta ya mbali au anayefungua mafaili ya ofisi anataka kivuko kifupi.

Kisha kuna jambo la tatu ambalo mkaazi wa Likoni hahitaji kuelezwa, nalo ni foleni kwenye mteremko. Kivuko ni kile kile na feri ni ile ile, lakini ukifika saa moja asubuhi muda wako wote umeliwa na foleni. Kwenye mtandao foleni hiyo huwa ndani ya ruta, ndani ya mnara wa simu, au ndani ya vifaa vya mtoa huduma.

Urefu wa kivuko chenyewe haubishani na mtu. Mwanga ndani ya faiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa barabara ni karibu kilomita 480, kwa hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 5 hivi ikiwa faiba yafuata barabara. Waya wa TEAMS wa chini ya bahari, unaotoka Mombasa kwenda Fujairah, una urefu wa karibu kilomita 5,000: milisekunde 50 kwenda na kurudi, kabla ya kifaa chochote kuongeza chake. Hadi London, hata ungenyoosha waya juu kwa juu mfano wa ndege, ungepata kama milisekunde 70, na hakuna waya unaopita hivyo. Njia za kweli hupinda baharini, na safari ya kwenda Ulaya na kurudi kwa kawaida huzidi 100.

Wazee wa maskani za intaneti watakumbuka kwamba kabla ya 2009 hali ilikuwa nyingine kabisa. SEACOM ilipoanza kazi Julai mwaka huo, ikifuatiwa na TEAMS na kisha EASSy mwaka 2010, tulitoka kwenye setilaiti. Setilaiti zile zilikuwa juu kiasi cha kilomita 35,786, na pakiti ilibidi ipande na kushuka, na jibu lake likapanda na kushuka tena. Safari hiyo pekee hula karibu nusu sekunde. Hakuna kifurushi kilichoweza kuiondoa.

Kwa nini handaki huficha

Kifaa cha kupima ukawiaji kipo tangu zamani. Mike Muuss aliandika programu ya ping huko Marekani mwezi Disemba 1983, na jina alilichukua kwa mlio wa mashine za manowari zinazopiga sauti majini na kusikiliza mwangwi. Inatuma pakiti ndogo, inasubiri jibu, inahesabu muda. Baadaye Van Jacobson aliandika traceroute, inayoonyesha kila kituo ambacho pakiti hupitia njiani. Ukiwa huna VPN, vitu viwili hivi vinakufikisha mbali.

Ukiwasha VPN, mambo hufungika. Kwa traceroute kituo cha kwanza kitakachoonekana ni seva ya VPN, kana kwamba imekaa sebuleni kwako. Waifai ya nyumbani, mnara, mtoa huduma, bahari nzima: vyote vimemezwa ndani ya hatua moja. Ping nayo hukupa jumla tu. Ikisema milisekunde 400, hujui kama ni ukuta wa chumba chako unaozuia waifai, ni foleni ya mtoa huduma, ni seva iliyochoka, au ni umbali. Kila mhusika atamnyooshea kidole mwenzake. Nimeona ofisi ikizungushwa wiki tatu kati ya mtoa huduma na mwenye seva, kila mmoja akiapa kwamba upande wake ni safi.

Programu ya mteja ndiyo pekee inayoona pande zote mbili, nje ya handaki na ndani yake. Kwa hivyo kazi ya kupima ni yake.

Vituo vinne

Nilichokifanya ni kuikata safari vipande vinne na kupima kila kimoja kwa wakati mmoja.

Cha kwanza ni kutoka kwenye kifaa hadi ruta ya nyumbani au ofisini. Kwenye waifai nzuri ni milisekunde chache tu. Ukiona 40, au namba inarukaruka kutoka 3 hadi 200, usimpigie mtoa huduma. Sogeza ruta au badilisha mkondo wa waifai. Nyumba zetu za kuta nene za mawe ya matumbawe ni baridi na nzuri, lakini kwa waifai ni ngome.

Cha pili ni hadi seva ya VPN, kwa nje ya handaki. Hiki ndicho kinachobeba kazi ya mtoa huduma na umbali.

Cha tatu ni hadi seva ile ile, lakini safari hii kwa ndani ya handaki, kwa anwani yake ya ndani. Tofauti kati ya cha pili na cha tatu yapaswa kuwa ndogo sana, milisekunde moja au mbili. Ikiwa kubwa, mambo machache tu yaweza kuwa sababu: seva imelemewa, simu ni ya zamani na inahangaika kufunga na kufungua siri, au mtoa huduma anazitendea pakiti za VPN tofauti na nyingine.

Cha nne ni kutoka kwako, kupitia handaki, hadi mfumo wenyewe unaoutaka, tuseme kompyuta ya ofisi. Hapa sitegemei ping kwa sababu seva nyingi zimezimwa zisijibu. Napima muda wa kufungua muunganisho wa TCP, ambao ni safari moja kamili ya kwenda na kurudi.

Kupata kipimo cha pili na cha tatu kuna vikwazo vyake. WireGuard, mfumo wa VPN alioubuni Jason Donenfeld na ambao uliingizwa ndani ya Linux toleo la 5.6 mwaka 2020, ni msiri kwa makusudi. Pakiti asiyoitambua haijibu kabisa. Hata zile pakiti tupu za kuweka handaki hai, ambazo watu wengi huzipanga zitoke kila sekunde 25, hazirudishiwi jibu, kwa hivyo huwezi kuzipima. Kinachojibiwa ni ile salamu ya mwanzo ya kukubaliana funguo: ujumbe mmoja waenda, mmoja warudi, na salamu hiyo hurudiwa karibu kila dakika 2 handaki likiwa na kazi. Seva ikiwa imezimwa isijibu ping kwa nje, muda wa salamu hiyo ndio kipimo changu cha pili. Wanaotumia handaki la SSH wana afadhali, maana ujumbe wake wa kuulizana "bado upo?" hutaka jibu, na jibu laweza kuhesabiwa muda.

Kwa kipimo cha tatu niliweka kwenye seva kiitikio kidogo: kinapokea pakiti ya UDP na kurudisha kile kile kilichokuja. Kinasikiliza kwenye anwani ya ndani peke yake. Hili si la kufanyiwa mzaha. Kiitikio kinachosikiliza kwenye anwani ya hadharani chaweza kutumiwa na wahuni kurushia watu wengine pakiti kwa jina la seva yako.

Saa nayo. Kwenye simu, saa unayoiona husahihishwa na mtandao mara kwa mara na yaweza kuruka mbele au kurudi nyuma katikati ya kipimo. Mifumo yote ina saa nyingine ya ndani ambayo huenda mbele tu, haijui tarehe wala haijali. Hiyo ndiyo ya kutumia. Na usijaribu kupima kwenda peke yake na kurudi peke yake. Ili upate hivyo ni lazima saa za pande mbili zilingane hadi milisekunde, na hazilingani.

Namba ya chini na namba ya juu

Programu nyingi huonyesha wastani. Mimi niliutoa kwenye skrini, kwa sababu wastani huficha kile unachokitafuta. Chukua vipimo 20. Tuseme kidogo kabisa ni 148, cha katikati ni 152, na kikubwa ni 161. Hiyo ni njia ndefu lakini safi: seva iko mbali, hakuna foleni. Sasa tuseme kwenye laini nyingine kidogo ni 12, cha katikati 95, na kikubwa 640. Hapa seva iko jirani, lakini mahali fulani kuna foleni ya kutisha. Wastani wa laini hizi mbili waweza kukaribiana sana, na dawa zake hazifanani hata kidogo. Wa kwanza ahamishe seva. Wa pili atafute nani anajaza laini.

Kwa hivyo naonyesha kidogo kabisa, cha katikati, na kile ambacho vipimo 95 kati ya 100 viko chini yake, pamoja na idadi ya pakiti zilizopotea. Kipimo kidogo kabisa kinakwambia urefu wa kivuko. Kilicho juu yake ni foleni. Kipimo cha kwanza kabisa hukitupa, maana simu iliyotulia huzima redio yake ili kuokoa betri, na kuiamsha kunachukua muda usiohusiana na njia.

Kuweka kumbukumbu ya siku nyingi kunafaa kuliko nilivyotarajia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Miezi michache nyuma yake, mwezi Februari, SEACOM ilikuwa tayari imekatwa huko Bahari ya Shamu. Siku kama hizo kumbukumbu husema wazi. Kipimo kidogo kabisa kikipanda ghafla na kukaa juu, njia yenyewe imebadilika na pakiti zako zinazungushwa kwingine. Kikibaki chini huku vya juu vikipaa, njia ni ile ile ila imesongamana. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo hahitaji kuwasha na kuzima ruta mara kumi. Anajua tatizo liko baharini na anapanga kazi zake vingine.

Foleni iliyo ndani ya nyumba

Kuna kipimo kimoja ambacho ningemshauri kila mwandishi wa programu ya VPN akiweke hata kama ataacha vingine vyote: pima laini ikiwa imetulia, kisha pima tena ikiwa imejazwa. Programu yangu hutuma data kwa sekunde 10 huku ikiendelea kupima. Kwenye nyumba nyingi ukawiaji huruka kutoka 30 hadi 500 au zaidi.

Sababu ni ruta zenye foleni ndefu kupita kiasi. Badala ya kutupa pakiti chache na kumwashiria mtumaji apunguze, ruta huzihifadhi zote, na simu yako ya sauti yasimama nyuma ya video ya mtu mwingine. Jim Gettys wa Marekani ndiye aliyelipigia kelele tatizo hili karibu na 2010 na kulipa jina la bufferbloat. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa dawa iitwayo CoDel, ambayo leo imo ndani ya Linux na ndani ya ruta kadhaa. Ukiiwasha, au ukapunguza kidogo kasi ya kutuma kwenye ruta iwe chini ya ile unayolipia, foleni huvunjika. Haigharimu kitu. Na mkosaji mara nyingi si mtu anayetazama filamu, ni simu inayohifadhi nakala za picha na video kimyakimya saa tatu usiku, wakati mama ameketi azungumze na mwanawe aliye Muscat.

Mahali ambapo vipimo hudanganya

Pakiti ya ping ni ndogo. Inaweza kupita vizuri kabisa huku kurasa za mifumo zikigoma kufunguka. Sababu yake ni ukubwa wa bahasha. Pakiti ya kawaida haizidi baiti 1,500. Handaki huongeza bahasha yake juu yake. WireGuard huongeza baiti 60 hadi 80, ndiyo maana huweka mpaka wa 1,420 kwa ndani. Ikiwa laini yako ina mpaka mdogo zaidi, na vifaa vya njiani vimezuia ule ujumbe wa kusema "hii haipiti, punguza", pakiti kubwa hutupwa bila taarifa. Mtumiaji huona kuingia kwenye mfumo kunakubali, kisha ukurasa unabaki mweupe. Kwa hivyo programu hupima mara mbili, kwa pakiti ndogo na kwa pakiti iliyojaa, na ile kubwa ikipotea huonyesha onyo na kupendekeza mpaka wa chini zaidi.

Mtego mwingine ni handaki linalopita kwenye TCP. Baadhi ya mahoteli na maofisi huzuia UDP, na programu za VPN hujificha kwenye TCP ili zipite. Sasa una TCP ndani ya TCP. Pakiti moja ikipotea, ya nje husimamisha kila kitu hadi iirudie, na ya ndani, kwa kuona kimya, nayo huanza kurudia yake. Kwenye laini isiyopoteza pakiti hutahisi kitu. Kwenye laini mbovu ukawiaji hufika sekunde nzima. Hapa namba peke yake hazitoshi, lazima skrini iandike wazi kwamba handaki lipo kwenye TCP.

Na kwa wanaopenda traceroute: kituo cha katikati kikionyesha 300 huku kituo cha mwisho kikionyesha 60, hakuna tatizo. Ruta kubwa huweka kujibu ping mwisho wa kazi zake. Nimeona picha za skrini zikisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kama ushahidi wa hujuma, kumbe ni ruta iliyokuwa na shughuli zake.

Data ya Bamburi inayopitia Ujerumani

Kisa kilichonionyesha thamani ya kazi hii ni cha ofisi moja ya uwakala kisiwani. Seva yao ya VPN ilikodishwa Frankfurt kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Karani akiwa kwake Bamburi alipofungua faili lililoko ofisini, kilomita kama 10 kutoka kwake, kila pakiti ilikwenda Ujerumani, ikarudi Mombasa, na jibu nalo likafuata njia hiyo hiyo. Kituo cha pili kilisoma karibu 155, na cha nne karibu 310. Cha kwanza kilikuwa safi, na tofauti ya pili na tatu haikuwepo.

Mfumo wao wa mafaili hutaka safari nyingi, moja baada ya nyingine, ili kufungua folda moja tu. Safari 40 za milisekunde 310 ni zaidi ya sekunde 12. Walikuwa wameshapandisha kifurushi kutoka Mbps 20 hadi 40, na folda iliendelea kufunguka kwa sekunde zile zile, maana kilichowaumiza hakikuwa ukubwa wa feri. Seva ikahamishiwa Nairobi. Kituo cha nne kikashuka hadi karibu 25, folda ikafunguka kwa sekunde moja, na kifurushi kikarudishwa 20.

Kenya ina KIXP, kituo ambacho watoa huduma hubadilishana data humu humu nchini, tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Maana yake yote ni kwamba barua ya kutoka Tudor kwenda Changamwe isipande meli. Kisha sisi wenyewe tunakodi seva Ulaya na kuipandisha meli kwa hiari yetu. Si kila VPN yapaswa kuwa Nairobi. Anayefanyia kazi kampuni ya London seva yake ikae London. Kanuni ni kwamba seva isikae mbali na njia ya kati yako na unakokwenda, na kituo cha pili kikilinganishwa na cha nne hukwambia kama imekaa.

Bando na siri

Kupima kunakula data. Pakiti moja ya ping ndani ya WireGuard, pamoja na jibu lake, ni baiti 312 hivi. Ukipima kila sekunde, siku nzima, ni karibu MB 27. Kwa mwenye faiba si kitu, kwa anayenunua bando la siku ni wizi. Programu yangu hupima kila sekunde pale tu ukurasa wa vipimo umefunguliwa. Ukifungwa hupima mara moja kila sekunde 30, ambayo haifiki MB moja kwa siku. Kile kipimo cha kujaza laini hakianzi mpaka mtumiaji akibonyeze mwenyewe, na huambiwa kwanza kitakula kiasi gani.

Siri ni nzito zaidi. Kipimo cha nje ya handaki huonekana na mtoa huduma na kila aliye njiani. Ndiyo maana programu hupima kwa nje vitu viwili tu, ruta na seva ya VPN yenyewe, ambavyo tayari vinajulikana. Ikijaribu kupima kwa nje mfumo unaoutembelea, itakuwa imemtangazia mpita njia yeyote unakokwenda, na handaki lote limekosa maana. Hata kutafuta anwani ya jina la tovuti lazima kupite ndani.

Ripoti nayo. Fundi huitaka, na ndani yake mna anwani ya IP, jina la waifai na saa ulizokuwa kazini. Mwenye kuunganisha hivyo atajua ulilala wapi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazitambua taarifa za namna hii kuwa data binafsi. Kwa hivyo ripoti hukaa kwenye simu, humwonyesha mwenyewe kila mstari kabla haijatumwa, hufuta jina la waifai na sehemu ya mwisho ya anwani, na baada ya siku 14 hujifuta. Mwajiri mmoja aliniomba zitumwe ofisini kila saa bila ya wafanyakazi kuulizwa. Nilimkatalia.

Ukishakuwa na namba, lalamiko lako hubadilika sura. Badala ya "mtandao ni mbovu", unamwandikia mtoa huduma: tangu Jumatatu saa mbili usiku hadi saa tano, ruta yangu yajibu kwa milisekunde 3, seva yangu ya Nairobi kipimo chake kidogo ni 12 lakini cha 95 kati ya 100 ni 480, pakiti 6 kati ya 100 zapotea, laini yangu ikiwa haina kazi nyingine. Barua hiyo haijibiwi kwa kuambiwa uwashe na kuzima ruta. Wasipoishughulikia, ambatisha majibu yao na uipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo hupokea malalamiko ya wateja walioanza kwanza kwa mtoa huduma wao. Asiye na programu kama hii anaweza kuanza na ping ya kawaida: moja kwa ruta, moja kwa anwani ya seva ya VPN kabla ya kuwasha handaki, na moja baada ya kuliwasha, kila moja mara 20, asubuhi na usiku, na azinakili kwenye daftari pamoja na tarehe.